Binti wa miaka 12 na simu usiku, naomba ushauri

MamaLanet: Wazazi wenzangu, hamjambo. Niko Nakuru. Binti yangu yuko Gredi ya 6. Simu yangu alianza kuishika kwa ajili ya kazi za shule, siku hizi hata ugali unampolea mezani. Juzi saa saba usiku nikaona mwanga chini ya blanketi. Kumbe ana akaunti ya TikTok, amejiandikisha kuwa ana miaka 18, na mtu asiyemjua anamwuliza anasoma shule gani! Nilimpokonya nikamgombeza vibaya. Tangu hapo ni "ndiyo mama," "hapana mama," basi. Hilo ndilo linaniuma. Nimkataze simu kabisa?

NyarKondele: Pole sana. Anza na huyo mtu. Hifadhi picha za ujumbe wake, mripoti, mzuie, usimjibu. Akianza vitisho au kudai picha, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni ya bure, saa 24. Halafu mwambie binti kwamba kutafutwa na mtu mzima si kosa lake. Asiposikia hivyo kutoka kwako, siku nyingine atakuficha.

BabaWatatu: Mkataze. TikTok wenyewe wanasema miaka 13.

NyarKondele: Akaunti ifutwe, hapo tuko pamoja. Lakini simu ya jirani utaikatazaje? Kwangu Kisumu, saa mbili usiku simu zote zinaingia kikapuni juu ya kabati, na yangu pia. Nilipoweka yangu ndipo ubishi ulipoisha.

MwalimuNjoro: Wengi watakuambia uweke Family Link, ile programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto. Ni nzuri, ila inafaa simu ikiwa ya mtoto mwenyewe. Hii ni yako, kwa hiyo badilisha namba ya siri, na kazi ya shule aifanyie sebuleni ukiwepo. Jumamosi pia mtafutie shughuli. Ukiondoa simu bila kuweka kitu mahali pake, ataitafuta kwingine.

MamaLanet: Asanteni. Jana jioni nilimwomba msamaha kwa zile kelele. Hakusema kitu, ila alivuta kigoda akaanza kunisaidia kuchambua sukuma. Baadaye akaniuliza kama niliona video yake akicheza ngoma. Nikamwambia sikuiona, anionyeshe kabla hatujaifuta akaunti. Tuliitazama mara mbili.