Tupeane uzoefu: Maji yamekatwa, faini ni ya mpangaji au mwenye nyumba?

Kibarazani: Wakuu, baba mwenye nyumba kapita asubuhi, kila chumba kaongezewa elfu mbili, eti za kurudishiwa maji. Na hela ya bili tulishampa mkononi! Aliyewahi kukutwa na haya atiririke.

Binti Tabata: Umenikumbusha mbali. Uani kwetu mita moja, tunamkabidhi hela mama mwenye nyumba, anatiki kwenye daftari. Jumamosi jirani kaloweka nguo za kichanga, povu limejaa beseni, vijana wa maji hao na spana. Wakafunga, wakapiga sili. Mama kajifungia ndani, redio juu. Jioni katoka: "Wanangu, na gharama za kurudishiwa zipo, tuchangie." Mzee wa chumba cha mbele, mpole hatari, akaomba daftari. Akalisoma kwa sauti, chumba kwa chumba: kalipa, kalipa, kalipa. "Sasa mama, hela ilienda wapi?" Kumbe kapeleka kwenye mchezo, ule wa kuchangiana hela na kupokea kwa zamu! Tulichanga hivyo hivyo, kichanga hakingoji kesi.

Mtu wa Mbagala: Uani kwetu kabisa hapo.

Nyumba Kumi: Wapangaji nanyi mzidi! Bili inakuja, mmoja "nasubiri mshahara", mwingine kasafiri. Nifidie mimi?

Kibarazani: Mtoze huyo mmoja. Aliyelipa kakosa nini?

Fundi Bomba: @Nyumba Kumi, na kodi ya jengo? Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Umeme nanunua mimi, jengo lako. Umewahi kunirudishia?

Nyumba Kumi: Hiyo fungua uzi wake.

Fundi Bomba: 😂😂 Kakimbia!

Dada Kimara: Kaeni na mkataba. Andikeni kabisa: bili ikitumwa, meseji iwekwe kwenye kundi la uani, mlipe wenyewe kwa kumbukumbu namba, zamu kwa zamu. Anayechelewesha, mpangaji au mwenye nyumba, faini yake.

Mtu wa Mbagala: Mkataba gani, sisi tuliandikishana kwenye karatasi ya dalali.

Sinza Kwetu: Lipa elfu mbili ulale. Ukibisha, miezi sita ikiisha anapandisha kodi.

Dada Kimara: Ndiyo mnavyowazoesha! Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Sinza Kwetu: Mwenyekiti ndiye mwenye nyumba wangu.

Fundi Bomba: Binti Tabata rudi kwanza, yule mama mchezo aliupokea?

Binti Tabata: Wapi! Kijumbe, mkusanya hela za mchezo, kahama nazo usiku.