Tupeane uzoefu: slaidi yako ya kwanza ya uyoga iliyokubali

Wakuu, habari za jioni. Tuelezane tulivyofika hadi kuuona uyoga vizuri kwenye hadubini. Wengi tunajifunza peke yetu, na kukata tamaa ni rahisi.

Naanza. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naona giza tu, kumbe vipande vyangu vilikuwa vinene. Siku moja nikachukua wembe mpya, nikachanja zile karatasi za chini ya kofia kipande kidogo kama chembe ya chumvi. Uyoga ulikuwa mkavu, seli zimesinyaa, kwa hiyo nikautilia KOH (potasiamu haidroksaidi, dawa kali ya alkali) ya asilimia 5 dakika mbili ili zivimbe zirudi kwenye umbo lake. Nikanyonya kwa tishu, nikaweka tone la kongo redi, ile rangi nyekundu ya kupaka seli, nikafunika, halafu nikagongagonga juu ya kioo taratibu kwa kifutio cha penseli hadi kipande kikatandaa. Kuta za seli zikashika wekundu. Basidia, yaani seli zinazozaa spora (vimbegu vya uyoga), zikaonekana zimesimama, kila moja na vichuchu vinne juu, kama kiwele cha ng'ombe! Machozi yalinitoka.

Mama Miombo: Umenikumbusha mbali. Mimi napenda uyoga wa jamii ya Russula, hizi zinazoota kwenye miombo mvua zikianza. Rangi ya kofia inadanganya, jibu liko kwenye spora. Usiku naacha kofia juu ya kipande cha kioo, nafunika na bakuli. Asubuhi nakwangua ule unga, naweka tone la dawa ya Melzer. Ina iodini, na vinundu vya spora vinageuka bluu nyeusi, kama muhogo ule tuliodondoshea iodini darasani. Kwa lenzi ya mafuta (ile inayogusa tone la mafuta juu ya slaidi), ukuzaji mara 1000, unaona kama vinundu vimesimama kimoja kimoja au vimeungana kama wavu. Ila msirudie kosa langu: nililainisha kipande kwa amonia, sikukisuuza, nikaweka Melzer. Slaidi nzima ikajaa ukungu mweupe, na kielelezo kilikuwa kimoja tu.

Kijana wa Slaidi: Asante mama, hilo la amonia sikulijua. Langu ni fupi. Futeni KOH inayovuja pembeni mwa kioo kabla hamjashusha lenzi. Yangu ya mara 40 iligusa, nikaiacha hivyo hadi kesho yake, na mpaka leo ina doa. Glovu pia tuvae, ile dawa inaunguza ngozi.

Nani mwingine? Hasa mliojaribu uyoga wa kichuguu.