Kabati la sigaa: ndani nipake vanishi?

Wakuu, natengeneza nyumbani kabati la kutunzia sigaa (zile nene za majani ya tumbaku yaliyosokotwa) zisikauke. Fremu ya mkangazi imekaa sawa, ndani naweka mbao za sedrela (mti wa jamii ya mkangazi) za milimita 6. Nipake vanishi? Naogopa unyevu utazipinda.

— Usithubutu mkuu! Harufu ya vanishi itahamia kwenye tumbaku. Piga msasa, uache mti mtupu. Halafu mbao hutanuka kwa upana, kwa urefu karibu hakuna. Mimi niligandisha ubao mzima kwa gundi, ukapasuka katikati kama uzi. Iliniuma. Gundi mstari mmoja wa kati unatosha.

— Unyevu ndani ya kabati uwe asilimia 65 hadi 70. Kipimo cha unyevu kihakiki kwanza: kifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na chumvi iliyoloweshwa kidogo kwa saa 24; kinapaswa kusoma asilimia 75.

— Asanteni. Upande mmoja nimeshagandisha wote, naubandua sasa hivi.