Pensheni ya California, mstaafu kahamia Georgia: kodi ya jimbo inalipwa wapi?

Binti_Marietta: Wakuu, naomba msaada. Mama ana miaka 66, kastaafu kazi ya serikali California, pensheni dola 2,400 kwa mwezi. Mwishoni mwa Juni mwaka jana alihamia Georgia moja kwa moja. Mfuko uliendelea kumkata kodi ya California hadi Desemba. Ni halali? Na Georgia nayo itadai?

Hesabu_Safi: Tangu 1996 sheria ya shirikisho (P.L. 104-95) inakataza jimbo kutoza pensheni ya mtu asiye mkazi wake tena, hata kama aliichuma humo. Kinachoangaliwa ni alikuwa mkazi wa wapi siku pesa ilipoingia. Januari hadi Juni, dola 14,400, ni za California. Julai hadi Desemba ni za Georgia, na huko mwenye miaka 65 na kuendelea anasamehewa hadi dola 65,000 za mapato ya kustaafu kwa mwaka. Hapo pensheni haitozwi kitu.

Makato ya Julai hadi Desemba yadaini kwa fomu 540NR (ritani ya kodi ya California kwa asiye mkazi au aliyekuwa mkazi sehemu ya mwaka), mkiambatanisha 1099-R (taarifa ya mwaka ya pensheni na makato kutoka kwa mfuko). Msiyaache California mkitegemea Georgia iwafidie: nafuu ya kodi iliyolipwa jimbo jingine haitolewi kwa kodi ambayo jimbo hilo halikustahili. Kisha mama ajaze DE 4P (fomu ya California ya makato ya kodi kwenye pensheni), achague kutokatwa, na aupe mfuko anwani mpya.

Mzee_wa_Fomu: Angalieni kisanduku cha 15 cha 1099-R. Ni cha jimbo; kikisoma CA (California), programu ya kodi huweza kuipeleka pensheni ya mwaka mzima California. Gaweni wenyewe kwa tarehe ya kuhama. Leseni ya udereva na usajili wa kura navyo vihamie Georgia, maana California ikihoji ukazi itataka ushahidi.

Binti_Marietta: Asanteni sana. Nyumba yake ya Sacramento kaipangisha. Inaharibu?

Hesabu_Safi: Haigusi kinga ya pensheni. Ila kodi ya pango ni pato la California popote aishipo, kwa hiyo 540NR atajaza kila mwaka. Watu wengi hushtukia hapa: California hukokotoa kiwango cha asilimia kwa mapato yake yote, pensheni ikiwemo, halafu hukitumia kwenye faida ya pango peke yake. Mkiona pensheni kwenye safu ya mapato yote msiifute. Hakikisheni tu haimo kwenye safu ya mapato ya California.