Tupeane uzoefu: aliyeumia kichwa vibaya, jasho na moyo kwenda mbio ghafla

Wapendwa, salamu kutoka Makorora, Tanga. Mdogo wangu alianguka na bodaboda maeneo ya Pongwe, hakuvaa kofia ngumu. Hospitali walimpima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kinachoanzia 3 hadi 15. Alipata 6. Kuanzia 8 kushuka chini ndilo jeraha kali la ubongo.

Kilichotuchanganya kilikuja wiki ya pili, walipoanza kumpunguzia dawa za usingizi. Kalala kimya, mara mwili unakakamaa, jasho linatiririka mpaka shuka linaloa, moyo unapiga 140, joto na presha vinapanda. Nusu saa baadaye katulia kama si yeye. Malaria wakapima, hamna. Shangazi akasema wazi, hili shetani, tumtoe tumpeleke kwa fundi. Nusura tumtoe kweli.

Daktari mmoja akatuketisha. Akasema kuna sehemu ya mfumo wa fahamu inayojiendesha yenyewe bila sisi kuamua: upande mmoja unaushtua mwili, mwingine unautuliza. Ubongo ukiumia sana, ule wa kushtua unabaki bila breki. Kugeuzwa kitandani, kunyonywa makohozi, hata kibofu kujaa, kunatosha kuuwasha. Akamwanzishia propranololi, dawa ya kupunguza mbio za moyo, na dawa ya maumivu, akatukataza kumshikashika na kuongea kwa sauti. Yale mashambulizi yalipungua polepole, wiki tano hivi.

Aliyeuguza mgonjwa wa hivi naomba aseme yake.

Mtoto wa Mkwezi, Pangani
Pole sana dada. Baba yetu alidondoka mnazini. Kosa letu lilikuwa mito. Tulimrundikia mitatu kwa huruma, shingo ikapinda kidevu kikagusa kifua. Nesi aliyeingia zamu akaitoa yote, akainua kitanda upande wa kichwani nyuzi 30, shingo ikanyooka. Kumbe damu iliyokwisha kutumika kichwani hurudi kwa mishipa ya shingoni. Ukiikunja, inakwama juu, na fuvu si mpira, halitanuki.

Nesi Mstaafu, Ngamiani
Wanangu, poleni. Huyo nesi alifanya sawa kabisa. Niongeze la damu, maana hapo ndipo watu wanapotupotea.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni, na hauna akiba. Ukiwa mzima, mishipa yake hujibana presha ikipanda na kujitanua ikishuka, damu ikafika kiasi kilekile. Jeraha kali linaweza kuuharibu ujanja huo. Hapo presha ikishuka ubongo unakosa damu, ikipanda mno unazidi kuvimba. Ndiyo maana nilikuwa nagombana na ndugu wanaofunga kitambaa kichwani huku paja linavuja. Zuia damu ya paja! Ile ndiyo inayoshusha presha, na presha ikishuka jeraha la kichwa linakuwa mara mbili.

Dada wa Makorora, shika na hili. Mdogo wako presha na mapigo vilipanda pamoja. Ukiona presha inapanda huku mapigo yanapungua na pumzi zinakwenda kombo, hiyo si ile ya kusubiri itulie. Fuvu limejaa, shina la ubongo linabanwa. Ita mtu papo hapo, usiogope kuonekana msumbufu.

Mama Pacha, Muheza
Mume wangu alizimia mara ya kwanza tulipomketisha, presha ilidondoka. Mtu wa mazoezi ya viungo akatufundisha kumwinua kwa vituo: kichwa kwanza, dakika kadhaa, ndipo miguu ishuke. Sasa anakaa saa nzima.

Mwenye mada
Shikamoo bibi nesi. Maneno yako nimeyanakili kwenye daftari tunaloandikia mapigo na joto lake asubuhi na jioni. Mama Pacha, na sisi alitulegea mikononi tulipomwinua mara ya kwanza, tukadhani ni njaa. Kesho naanza kwa vituo. Shangazi nimemsomea yote haya, kanyamaza, halafu kauliza zamu yake ya kumlinda ni lini. Jana dogo kaomba chai ya tangawizi kwa mdomo wake mwenyewe.