Baiskeli ya umeme ya kukunja ya kwendea kazini: Brompton, Tern, Gocycle au hizi za bei nafuu?

Kaptula_Ndefu
Wakuu habari za humu. Nimechoka kusubiri usafiri na kusongamana, nataka nichukue baiskeli ya umeme ya kukunja niwe naendea kazini. Njia yangu ni kilomita 9 kwenda na 9 kurudi, katikati naweza kupanda treni mvua ikizidi, na karibu na ofisi kuna mlima wa maana, sio wa kutania. Naishi ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Ofisini hawataki kuona baiskeli koridoni kwahiyo lazima ikae chini ya meza yangu.

Nimechuja nikabaki na Brompton ya umeme (gurudumu inchi 16, mota mbele, betri kwenye begi la mbele), Tern Vektron (inchi 20, mota ya Bosch pale kwenye pedali) na zile za bei nafuu za kuagiza mtandaoni, mota nyuma, betri ndani ya fremu au ndani ya bomba la siti. Gocycle naitamani tu kwa macho, mwenye nayo aseme. Naomba uzoefu, matangazo nimeshasoma ya kutosha.

fundi_spoki
Mkuu hapo ulipotaja ghorofa ya tatu bila lifti ndo jibu lilipo, mengine yote yanafuata. Watu wakija kuuliza hizi baiskeli wanaanza na mota ina wati ngapi na betri inafika wapi, wakati siku utakayoichukia baiskeli yako utakuwa umeibeba, sio umeipanda. Brompton ya umeme ya fremu ya chuma ni kama kilo 17 pamoja na betri, ila betri na begi lake ni karibu kilo 3 na linachomoka, kwahiyo mkono mmoja unabeba kilo 14 na begi liko begani. Vektron ni kilo 22 hivi, ukichomoa betri unapunguza kidogo tu. Jaza ndoo ya lita 20 maji, panda nayo mpaka mlangoni kwako jioni ukitoka kazini, alafu rudi hapa utuambie.

Na hizi za mtandaoni soma kwa makini ile namba ya uzito, mara nyingi ni uzito bila betri, bila madigadi, bila taa, wengine sijui wanapima bila siti.

Pedali_Taratibu
Fundi umeanza ukatili mapema 😂

Ila mimi ni mtu wa Tern naomba niitetee. Jamaa kasema ana mlima. Mota ya katikati inasukuma kupitia mnyororo na gia zako, ukishusha gia na mota nayo inapata gia nyepesi, kwahiyo mlimani inapanda bila kulalamika. Ile ya Vektron ni Bosch Active Line Plus, torki (nguvu ya kuzungusha) 50 Nm, na haina ile tabia ya kukurusha, inasoma mguu wako unasukuma kiasi gani na inaongeza hapo hapo. Barabara ikiwa na mashimo utashukuru inchi 20 na tairi nene, usukani unatulia, ukipita kwenye mfereji mdogo huombi dua. Unaendesha baiskeli kamili, sio kitu cha kujaribia.

Kubeba ngazi hapo sibishani, mimi nakaa chini.

Treni_ya_Kwanza
"Mimi nakaa chini" ndo umemaliza kesi mwenyewe bana.

Mimi naongezea umbo ikishakunjwa maana uzito ni nusu ya habari. Brompton ikikunjwa ni kama sm 65 kwa 59 na unene hauzidi sm 35, gurudumu la nyuma linaingia chini, mnyororo unabaki katikati ya magurudumu mawili kwahiyo suruali yako na ya jirani zinapona, na ikishajifunga haifunguki ukiinyanyua. Vektron inabaki na urefu wa karibu sm 86, haiingii chini ya meza ya kawaida labda uitoe miguu yako. Zile za bei nafuu nyingi zinakunjika katikati tu kama kitabu, zinashikwa na sumaku, treni ikikata kona sumaku inaachia na usukani unamwendea mtu magotini, na mnyororo uko upande wa nje unatafuta nguo za kuchafua. Ukichukua ya namna hiyo tembea na mkanda wa kufungia, wa mpira au wa kubandika (velkro), ni kitu kidogo lakini utabaki na marafiki.

Kuhusu treni uliza sheria za mahali ulipo kabla hujalipa. Kwa mfano London, tangu Machi 2025 mamlaka ya usafiri imezuia baiskeli za umeme zisizokunjika kwenye treni zake nyingi kwa sababu ya moto wa betri, za kukunja zikaruhusiwa. Sehemu nyingine wanaruhusu kama imekunjwa na imefunikwa, kwingine hawataki kabisa saa za msongamano.

Nyota_Mchana
Mwenye Gocycle hapa. Aliyeibuni, Richard Thorpe, alitokea McLaren ya magari ya mashindano na kweli inaonekana, fremu ina magnesiamu, magurudumu yameshikwa upande mmoja tu, mnyororo umefungiwa ndani ya boksi lake. Maana yake nikipata pancha navua tairi bila kutoa gurudumu, na suruali nyeupe naivaa bila wasiwasi. Kuendesha ni raha, sidanganyi.

Sasa mabaya. Mota iko mbele, ukiwa mlimani uzito wako wote umerudi nyuma, barabara ikiwa na majimaji au mchanga gurudumu la mbele linasota kidogo kabla halijashika. Ikikunjwa inasukumika vizuri ila bado ni ndefu, na kuinyanyua haina mahali pazuri pa kushika. Kubwa zaidi ni vipuri, karibu kila kitu ni cha kwao wenyewe, fundi wa kawaida anaiangalia kama chombo cha anga. Kama huna wakala karibu, iache dirishani.

Kaptula_Ndefu
Asanteni sana. Fundi nimefanya ule mtihani wa ndoo, kwenye ngazi za ghorofa ya pili nilishaanza kubadilisha mkono 😅 Vektron naona inaniaga taratibu. Ila roho inaniuma kuhusu mlima, Brompton ina mota ya habu (ile iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu) na kila mahali wanasema habu haipandi. Na betri yake ni 300 Wh (wati-saa) tu, hizi nyingine mpaka 500. Si nitaishia njiani?

fundi_spoki
Hiyo "habu haipandi" imetoka kwenye baiskeli kubwa. Mota ya habu inazungusha gurudumu moja kwa moja, kwahiyo gurudumu likiwa dogo msukumo unakuwa mkubwa kwa torki ile ile. Piga hesabu: 40 Nm kwenye gurudumu lenye nusu kipenyo cha sm 35 ni kama nyutoni 114 za kusukuma, kwenye gurudumu la inchi 20 lenye sm 25 ni 160. Hujaongeza kitu chochote. Kinachoiua habu ni mlima mrefu unaopanda polepole mno, hapo umeme mwingi unageuka joto badala ya mwendo. Mlima mfupi wa kwenda ofisini, ukishusha gia na ukasaidia na miguu, hauna shida.

Cha kuangalia zaidi ya mahali mota ilipo ni sensa, kile kifaa kinachoiambia mota lini isukume. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina sensa inayojua tu kama pedali zinazunguka, haijui unasukuma kwa nguvu gani. Unazungusha nusu raundi, inakaa kimya, alafu inakuja na nguvu yote kwa mpigo, na ukiacha kupiga pedali inaendelea kidogo. Kwenye barabara wazi utaizoea. Kwenye foleni, katikati ya gari mbili, na gurudumu dogo linalogeuka kwa kuguswa tu, hapo utaita jina la mama. Brompton na Bosch zote zinasoma nguvu ya mguu. Kuna za bei ya kati nazo zinasoma, kwenye maelezo tafuta neno torki kwenye sensa, sio kwenye mota. Na jaribu mwenyewe: panda, shika breki, kanyaga pedali kidogo bila kuachia. Ya torki mara nyingi utaisikia inaanza kujivuta papo hapo, ile nyingine haitajua kama upo.

Dada_Volti
Naomba betri niichukue mimi.

Kaka, Wh ni volti mara Ah (ampea-saa), basi. 36V ya 10Ah ni 360 Wh. Baiskeli ndogo ukiwa unapiga pedali kweli inakula kati ya 8 na 12 Wh kwa kilomita, mlima na upepo vikikuandama inaongezeka. Kilomita zako 18 ni kama 150 mpaka 220. Kwahiyo 300 inakutosha kwenda na kurudi, na ukiwa na chaja ofisini ndo kabisa. Betri ya 500 kwako wewe ni uzito unaoupandisha ngazi kila jioni kwa ajili ya safari ambayo huendi. Betri ikichakaa ikabaki na asilimia 80 ya uwezo, 300 inakuwa 240, bado unafika.

Tofauti ninayoijali ni betri inatokaje. Ikichomoka unaichajia mezani, baiskeli inabaki ilipo. Ikiwa imefungiwa ndani ya fremu kwa skrubu, baiskeli nzima inaenda kwenye soketi, na ikifa unaanza kutafuta mtu wa kuifungua. Usichajie karibu na mlango wa kutokea wala kwenye ngazi, na usilale ikiwa inachaji. Tafuta alama ya usalama ya EN 15194 kama ni ya soko la Ulaya au UL 2849 kwa Marekani. New York hiyo UL wameifanya lazima kwa baiskeli za umeme zinazouzwa huko tangu Septemba 2023. Na wanaodhani watapanda nayo ndege wasahau, mwisho wa ndege za abiria ni 160 Wh, tena kwa ruhusa ya shirika.

Pedali_Taratibu
Haya nimekubali kushindwa kwa ngazi. Ila mwambieni na habari ya matairi, hapo Brompton inabana.

fundi_spoki
Kweli. Inchi 16 za kawaida ziko mbili, 305 (milimita za kipenyo pale tairi linapokaa kwenye rimu) ambayo iko kwenye baiskeli nyingi za watoto, na 349 ambayo ni ya Brompton. Haziingiliani. Inchi 20 za kawaida nazo ziko mbili, 406 na 451. 406 ndo ya BMX, tairi zake hazikosekani. Namba imeandikwa ubavuni mwa tairi, isome. Ukichukua 349 weka tairi moja na tyubu mbili kabatini mapema.

Kama gurudumu dogo linakuogopesha, Brompton wenyewe mwaka 2024 walitoa G Line, inchi 20, breki za diski na mota imehamia nyuma. Nzuri barabarani, ila inarudi kwenye uzito na ukubwa tuliokuwa tunaukimbia.

Kaptula_Ndefu
Nimepima chini ya meza, sm 65 inaingia na miguu inabaki. Nimeamua Brompton, natafuta iliyotumika maana mpya imenizidi. Kwenye iliyotumika niangalie nini?

fundi_spoki
Bawaba za mkunjo, kwanza na mwisho. Ifungue, kaza loki zote, shika breki ya mbele alafu isukume mbele na nyuma huku kidole umekiweka juu ya maungio. Ukisikia inacheza, ondoka. Futa vumbi pembeni ya bawaba uangalie ufa kwenye rangi, mstari mwembamba kama unywele usiukubali hata muuzaji aseme ni mkwaruzo. Sio utani, mwaka 2022 Fiido waliziita zirudi baiskeli zao aina ya Fiido X kwa sababu fremu ilikuwa na hatari ya kuvunjika pale pale kwenye mkunjo. Alafu waya zinazopita kwenye mkunjo, ikunje na uifungue huku mota imewashwa, taa zisipepese.

Dada_Volti
Na akupe chaja yake halisi. Betri ya 36V inachajiwa kwa 42V, ya 48V kwa 54.6V, na plagi zake wakati mwingine zinafanana kabisa. Ukinunua ya pili ya kuweka ofisini soma kilichoandikwa nyuma ya chaja, usiangalie kama tundu limeingia.