Koa wa baharini hana gamba, mbona watoto wake wanalo?

mkaa_pwani: Wakuu salaam. Maji yalivyokupwa huku Unguja nimekuta kwenye mwamba utepe mwekundu umejikunja kama ua waridi, mvuvi akanambia ni mayai ya yule koa mkubwa mwekundu anayeogelea kwa kujipepea. Nikachukua kipande kidogo nikakitia kwenye hadubini ya chuo, kila yai ndani kuna kadude kanazungukaaa na kana gamba kabisa!! Koa mwenyewe hana gamba hata chembe. Au nimeokota mayai ya konokono mwingine?

Bi_Chaza: Hujakosea, huyo ni Hexabranchus sanguineus na watoto wake wanaanza hivyohivyo. Yai linagawanyika 2, 4, 8, na kuanzia hapo seli za juu zinakaa upandeupande, hazikai sawasawa juu ya zile za chini, ndo mtindo wa ukoo wote wa konokono. Hatua ya trokofora, yaani kiluwiluwi cha mwanzo kabisa, anaimaliza humohumo ndani ya yai, halafu anakuwa velija, kiluwiluwi cha hatua inayofuata: gamba jembamba la kuona mpaka ndani, kifuniko cha mlango, na vibawa viwili vyenye vinyweleo. Vinyweleo vikianza kupiga na yeye bado kafungiwa basi anabaki kuzunguka palepale. Akishatoka, hivyohivyo ndo vya kuogelea na kukusanyia chakula.

mkaa_pwani: Aisee. Na gamba linaenda wapi sasa?

Bi_Chaza: Analivua. Akitua chini akipata dalili ya chakula cha wakubwa, vibawa vinapotea, anachomoka kwenye gamba na kuliacha hapo. Mfano mzuri ni Phestilla, koa anayekula matumbawe ya Porites, watafiti wa Hawaii walionyesha kuwa kemikali inayotoka kwenye tumbawe lenyewe ndo inamwamsha abadilike. Kwahiyo ndugu yangu hao wa kwako usitegemee watakua kwenye ndoo.

dogo_mbizi: Mi nashangaa samaki hawayagusi, utepe mwekundu vile na uko wazi kabisa

Bi_Chaza: Sumu hiyo. Mama anaipata kwenye sponji anayokula, anaitia na kwenye mayai, ilishachapishwa tangu 1988. Ila kuna koa wadogo weupeweupe, Favorinus, wao kazi yao kula mayai ya koa wenzao na haya hawayaachi. Ukimkuta kwenye mikunjo tumbo limeiva rangi ya waridi ujue keshashiba.